Mfunze mwanao kuipanga asubuhi yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi la shule linapiga honi langoni. Mtoto ana soksi moja, kiatu cha pili hakionekani, mama anafoka, yaya anapekua chini ya kitanda. Mtoto anapanda basi akilia. Kwangu hayo yalikuwa mambo ya kawaida.

Mzazi mwenzangu, kosa si la mtoto. Wa miaka minne, anayeanza PP1, hajui saa. Ukimwambia zimebaki dakika kumi hujamwambia kitu. Anachoelewa ni mfuatano: chai, kisha mswaki, kisha viatu. Twaa kalenda ya mwaka jana, umwache achore mwenyewe nyuma yake kikombe, mswaki, kiatu na mkoba, halafu ibandikeni karibu na kitanda chake. Sare na viatu aviweke tayari jioni.

Siku za kwanza atakuwa mzito, hivyo mwamshe mapema kidogo. Mikono itakuwasha umvalishe. Jizuie! Ukimfanyia, mpango unabaki kuwa wako. Akikwama, usimtajie kiatu, muulize, "Baada ya mswaki ni nini?"

Binti yangu sasa huniuliza mbona funguo zangu hazina picha.