Sayansi Iko Juu ya Miti Pale Nyayo

Ukikwama kwenye msongamano karibu na Uwanja wa Nyayo, hebu weka simu chini uangalie juu. Wale ndege wakubwa wenye upara waliojaa kwenye migunga ni korongo wanaoitwa marabu. Miguu yao huonekana myeupe kwa sababu hujinyea makusudi. Unyevu ukikauka, mwili hupoa. Na wameng'ang'ania mjini kwa sababu taka zetu ndizo chakula chao.

Hilo ni somo zima la sayansi, tena la bure. Lakini nani aliwahi kukufunza?

Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, ulinuia mtoto ajifunze kwa kushika na kuona. Sasa angalia shule za mitaani: nyingi hazina hata uwanja wa kuchezea. Safari ya mbugani nayo inataka basi, kiingilio na chakula. Mzazi anayehangaikia kodi ya nyumba atasema tu, "Mwaka ujao."

Watu wazima je? Tangu miaka ya 1970, kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kila Jumatano asubuhi. Mpango poa sana, ila saa hizo wewe uko kazini, ama unatafuta kazi.

Usidhani hii ni burudani tu. Mnamo 1977 Wangari Maathai, msomi wa biolojia, alianzisha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakajifunza kuotesha miche wenyewe. Mnamo 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililopangiwa kujengwa Uhuru Park, na mradi ukafa. Reli ya SGR ilipopangiwa kukatiza Mbuga ya Nairobi, wahifadhi walienda hadi kortini, lakini ikajengwa. Jiulize: ni wangapi mtaani kwenu wamewahi kukanyaga mbuga hiyo? Mtu hapiganii asichokijua.

Kwa hivyo wanasayansi wetu watoke kwenye warsha za hotelini. Mto Nairobi unapita Gikomba na Korogocho. Leteni hadubini huko Jumamosi, mtoto na mamake wachungulie tone la maji hayo. Wakishaona kilichomo, wataanza kuuliza nani anayamwaga. Nawe uliyesomea biolojia ukakaa na cheti nyumbani, hapo ndipo pa kuanzia.