Mkulima astaafu akiwa na miaka mingapi?

Mwalimu wa Rhotia anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 sheria inamtaka apumzike. Jirani yake anayelima mahindi na mbaazi hana mwaka wa kustaafu. Anaweka jembe chini siku mgongo unapokataa.

Tanzania Bara hatuna pensheni ya wazee wote. Zanzibar walianza mwaka 2016, kwa wenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo iliweka 70. Uganda, mpango ulipoenea nchi nzima, 80. Tunawapongeza, ila umri huo umepimwa kwa mfuko wa serikali, si kwa mwili wa mkulima. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003 humtambua mzee tangu miaka 60. Pensheni ya Bara ianzie hapo hapo. NSSF hupokea wanaochangia kwa hiari, sawa, lakini aliye na miaka 62 leo achangie mpaka lini?

Ulaya, tangu 1992, mkulima wa miaka 55 aliweza kulipwa ili aache kilimo na kuwaachia wengine ardhi. Sharti hilo la kuachia linatuvutia kuliko umri wenyewe. Karatu baba hagawi shamba mapema kwa sababu shamba ndilo pensheni yake. Mwanawe ana miaka 35, bado anaomba ekari moja, au anashuka Mang'ola kuwa kibarua wa vitunguu. Tuliokulia vijijini tunaujua ugomvi huo. Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya 1961, alitaka bima ya jamii ya wakulima isipishane sana na ya wafanyakazi wengine. Miaka zaidi ya sitini imepita!

Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kulima hakuruhusiwi. Akiba ni ng'ombe, na ukame ukija akiba inafia malishoni. Huko mzee hujulikana kwa rika lake, bila cheti. Ofisi, kinyume chake, hudai tarehe, na tarehe za wazee wengi ziliandikwa kwa kukisia. Parokia zetu zina vitabu vya ubatizo. Vifunguliwe kwa kazi hii, na kwa waliobatizwa ukubwani au wasiobatizwa kabisa, ushahidi wa wanarika upokelewe na serikali ya kijiji.