Kutenganisha taka nyumbani ni bure iwapo lori litazichanganya

SHERIA ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ilimletea Mkenya wajibu mpya hadi jikoni: kutenganisha taka zinazooza na zisizooza kabla hazijatoka nyumbani. Katika mitaa kama Mjambere, eneo la Kisauni, Mombasa, wajibu huo ni mwepesi kuutaja lakini mgumu kuutekeleza.

Ugumu huo hautokani na uvivu wa wakazi kama inavyodaiwa mara kwa mara. Mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ambayo uani mwake pana pipa moja la wote, hana pa kuweka la pili. Hata akijitahidi, mwenye mkokoteni akija atavimimina vyote katika gunia moja. Mama aliyetenga maganda ya muhogo na chupa za plastiki akiyashuhudia hayo mara mbili, mara ya tatu hatajisumbua.

Ili kuelewa uzito wa suala hili, ni vyema kukumbuka yaliyotukia Kibarani. Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia kisiwani kwa barabara ya Makupa alilakiwa na uvundo na moshi wa jaa lililokuwa ukingoni mwa bahari. Jaa hilo lilifungwa mwaka wa 2018, miti ikapandwa na mandhari yakapendeza. Hata hivyo, taka hazikuyeyuka. Zilielekezwa Mwakirunge, wadi iliyo katika eneobunge lilo hilo la Kisauni.

Hivyo basi, taka za Mjambere haziendi mbali. Zile ambazo hazifiki jaani huziba mitaro, na mvua za masika zikinyesha, maji machafu huingia majumbani. Isitoshe, ardhi ya Pwani ni ya mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi, ilhali wakazi wengi wa Kisauni hutegemea visima. Kinachomwagwa nyuma ya nyumba leo chaweza kurudi ndooni kesho, na pamoja nacho maradhi ya kuhara. Wanaoamua kuchoma taka hawajiokoi pia, kwa kuwa moshi wa plastiki una sumu na watoto ndio huuvuta kwanza.

Wapo watakaosema dawa ni adhabu kali, na watatoa mfano wa marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017, ikiambatana na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni. Mfano huo una funzo tofauti. Marufuku ile iliwabana watengenezaji na wafanyabiashara, ambao ni rahisi kuwafikia, na mnunuzi akapata mfuko mwingine papo hapo dukani. Hakuna serikali iwezayo kuweka askari katika kila jiko. Nyumbani, sheria hufuatwa pale tu inapomrahisishia mtu kazi.

Pa kuanzia ni taka za chakula. Machicha ya nazi, maganda ya ndizi na mabaki ya samaki ndiyo sehemu kubwa zaidi ya taka za nyumbani katika miji yetu, na ndiyo huleta uvundo na nzi. Yakitengwa, yanayosalia hubaki makavu, na yaliyo makavu ndiyo yenye soko: chupa, vyuma na karatasi. Yale yaliyotengwa nayo, yakifukiwa kwa matabaka pamoja na majani makavu na udongo, kisha yakageuzwa mara kwa mara, huwa mboji baada ya miezi michache.

Hekima hii si ngeni kwetu. Mpwani alifanya kifuu cha nazi kuwa upawa na makumbi kuwa kamba. Huko Lamu, mafundi walitumia plastiki na kandambili zilizookotwa kuunda jahazi la Flipflopi, ambalo mwaka wa 2019 lilisafiri hadi Zanzibar.

Lakini mkono mmoja haulei mwana. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Katiba iyo hiyo inazikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Wenye nyumba waweke mapipa mawili uani. Wazoaji wawe na siku ya taka zinazooza na siku ya zile kavu. Nayo Kaunti ya Mombasa ijenge vituo vya kuchambulia taka karibu na mitaa, kama sheria inavyoagiza, badala ya kuzisafirisha zote Mwakirunge.

Mkazi wa Mjambere akiona taka alizozitenga zimebebwa zikiwa zimetengwa, hatahitaji kuhubiriwa tena. Asipoliona hilo, sheria ya 2022 itabaki kuwa maandishi tu.