Lenzi ya laki, sauti ya mkebe

Leo naweka mambo ya kuandika programu kando, au tuseme karibu kando, maana mwishoni nitarudi huko tu. Kuna jambo linanikera, na wanaonikera ni watu wangu wenyewe: sisi tunaopiga video za ndege wa porini kwa kamera zilizotengenezwa kwa picha za mnato.

Hebu fungua video yoyote ya ndege iliyopigwa Naivasha au Karura. Picha, we! Unaweza kuhesabu unyoya mmoja mmoja. Jicho linang'aa. Sasa ongeza sauti. Utapata moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni piano ya kubembeleza watoto. La pili ni upepo unaovuma kama gunia la simiti linaloburutwa sakafuni, mtu anakohoa, na kamera yenyewe inalia krr, krr inapotafuta fokasi. La tatu ndilo baya zaidi: sauti safi, tamu kabisa, ila si ya ndege huyo.

Nimeona tangazo la kampuni moja ya utalii, jina sitalitaja, lenye furukombe, yule tai mlasamaki. Ametupa kichwa nyuma kama afanyavyo anapoita, mdomo wazi, na kinachotoka ni mlio wa mwewe mwenye mkia mwekundu wa Marekani! Hollywood wamezoea kumvisha tai wao mweupe kichwani sauti ya mwewe huyo, kwa sababu ya tai mwenyewe wanaiona nyembamba mno. Sawa, wale wana kisingizio. Sisi tuna kipi? Furukombe ana sauti ambayo mtu akilala usiku mmoja tu kando ya Baringo hatoisahau. Umepewa bure, ukaifuta, ukaagiza ya nje.

Najua utaniambia ni burudani tu, ndugu yangu, acha ukali. Siachi.

Chukua wale ndege wadogo wa kahawia wa nyasini wa jenasi Cisticola. Kenya tunao wengi, na ukiweka picha zao kando kwa kando hata wataalamu wanaanza kukuna kichwa. Ndiyo maana majina yao ya Kiingereza mengi yametokana na sauti: kuna anayeimba, anayepiga mluzi, anayekoroma kama chura, anayelia kwa huzuni. Macho yalishindwa, masikio yakatoa majina. Sasa wewe unaniletea video ya dakika mbili ya ndege huyo, picha za 4K, na juu yake piano. Umeniletea nini? Umeniletea ndege wa kahawia.

Tena siku hizi sauti hizi hazisikilizwi na watu peke yao. BirdNET inakata rekodi vipande vya sekunde tatu tatu, inageuza kila kipande kuwa picha ya sauti, kisha inakisia ni ndege gani. Programu za namna hiyo hujifunza kwa rekodi zinazotoka kwa watu kama mimi na wewe, kwenye hazina kama xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, na ile ya Macaulay ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ukiweka sauti ya ndege mwingine juu ya picha ya ndege wetu, kisha mtu akaikata na kuihifadhi kwa jina la huyu, umeshapanda hitilafu ambayo hakuna mtu ataiona. Kwenye kazi yangu hitilafu inayoangusha seva siiogopi sana, maana inajitangaza. Ninayoiogopa ni ile inayotoa jibu lisilo sahihi kwa utulivu mwaka baada ya mwaka. Na huku wapo ndege kama apalis wa Taita, anayeishi kwenye vipande vichache vya msitu wa milima ya Taita na kwingine kokote duniani hayupo. Ukitaka kujua kama bado yupo kwenye kipande fulani, mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Basi tatizo liko wapi? Wengi wanadhani ni pesa. Si pesa. Mtu anatoa zaidi ya laki moja kwa lenzi ya milimita 600 bila kupepesa, halafu sauti anaiachia vitundu viwili vilivyo juu ya kamera. Kamera hizi tangu mwanzo sauti ilikuwa mtoto wa kambo. Nikon D90 ya mwaka 2008, SLR ya kwanza ya dijitali kurekodi video, ilikuwa na sauti ya mono tu. Tangu hapo pikseli zimeongezeka kila mwaka, na vitundu ni vilevile.

Jambo ambalo watu hawataki kulisikia ni hili: lenzi inavuta picha, haivuti sauti. Ndege yuko mita 40, lenzi inamleta hadi puani pako, lakini maikrofoni bado iko mita 40. Kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 zaidi. Kutoka mita 40 hadi 20, hadi 10, hadi 5, umepunguza nusu mara tatu: desibeli 18. Na kelele za barabara na ndege za Wilson hazikuongezeka hata kidogo, kwa hiyo faida yote ni ya ndege wako. Hakuna kitufe kwenye kamera kitakachokupa hiyo. Wapo wanaonunua dishi la kukusanya sauti, na ni kitu kizuri, lakini nalo lina mipaka: dishi la sentimita 60 huanza kuchoka chini ya hertz 550 hivi, kwa sababu wimbi linakuwa refu kuliko dishi lenyewe. Ukimwelekezea mumbi anayenguruma alfajiri umebeba sufuria tu.

Halafu kuna ule mtambo wa kamera wa kujipangia kiwango cha kurekodi. Uzime leo! Msitu ukiwa kimya unapandisha kiwango, unakuletea shhhh. Ndege akiita unashusha. Akinyamaza unapandisha tena. Ukisikiliza ni kama msitu una pumu.

Dawa ni kuitenganisha sauti na kamera. Chukua rekoda ndogo na maikrofoni isiyo na kelele yake yenyewe. Kapsuli ya Primo EM272 ina kelele ya takriban desibeli 14, na mwenye mkono mtulivu wa kulehemu anaweza kujitengenezea maikrofoni kwa sehemu ndogo sana ya bei ya ile lenzi. Ndege wengi wana mahali pao pa kuimbia. Kurumbiza wa karibu na kwangu huimba kwenye kichaka kilekile kila alfajiri, kabla matatu hazijaamka. Nenda kabla yake, weka rekoda chini ya kichaka, ivishe manyoya ya kuzuia upepo, bonyeza, rudi nyuma mita 40 na kamera yako, tulia. Unapata picha ya mbali na sauti ya karibu, na ndege hajasumbuliwa.

Usimwite kwa spika ya Bluetooth. Anayekuja kwa spika anadhani mwizi ameingia shambani kwake. Ameacha kula, pengine ameacha na kiota, aje akupiganie wewe na kamera yako. Hiyo si tabia ya ndege ya kuonyesha watu, ni ugomvi ulioupanga mwenyewe.

Sasa mambo ya kuoanisha, na hapa ndipo wenzangu wa kompyuta wanapojiona wajanja. Wanatumia programu inayolinganisha wimbi la sauti ya kamera na wimbi la rekoda, inazipanga, wanasema kazi imekwisha. Haijaisha! Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mita 40 ni milisekunde 120 karibu, yaani fremu tatu kwa video ya fremu 25. Kamera iliona mdomo ukifunguka papo hapo lakini ikasikia sauti fremu tatu baadaye. Programu haijui umbali, kwa hiyo inaivuta sauti safi ya rekoda irudi nyuma hadi ilingane na ile iliyochelewa, na ndege wako anaonekana kama filamu ya kung fu iliyotafsiriwa. Piga kofi ukiwa kando ya rekoda, kamera ikikutazama, kisha panga kwa picha ya mikono inapokutana. Ukirekodi kwa nusu saa piga kofi jingine mwishoni, maana saa ya rekoda na ya kamera hazitembei sawasawa.

Na wale wa "AI itasafisha kelele baadaye", nawaomba wafikirie programu hizo zilifundishwa nini. Nyingi zilifundishwa kulinda sauti ya binadamu kwenye simu na mikutano. Kwao ndege ndiye kelele. Zinamfuta vizuri sana.

Mwaka 1958 Cornell walitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika zilizorekodiwa na Myles North, ofisa wa serikali ya kikoloni hapa Kenya. Alikuwa na mashine za tepu za enzi hizo, na ndege aliowarekodi bado wanatambulika. Sisi tuna rekoda inayoingia mfukoni, biti 32, betri ya siku nzima, na tunaweka piano.

Kama lazima uweke muziki kwenye video yako ya Instagram, weka, sitakufunga. Ila ile WAV ya asili itunze bila kuchuja chochote, na mwishoni mwa rekodi sema kwa mdomo wako: ndege gani, wapi, tarehe, saa, umbali wa makadirio. Sekunde kumi tu. Faili inayoitwa ZOOM0047 bila maelezo ni takataka yenye ukubwa wa megabaiti mia.

Nina skripti ndogo ya Python kwa wale ambao rekodi zao zimeshafanywa bila kofi. Unaipa umbali kwa mita na idadi ya fremu kwa sekunde, inakwambia usogeze sauti kiasi gani. Anayeitaka aandike hapo chini, na tafadhali mnapoleta sauti za kujaribia msiniletee MP3.