Mkebe juu ya moto: onyo bila sufuria halitoshi

Ndugu wasikilizaji wa Kolwezi, na ninyi familia mliohamishwa mkaacha nyumba na vyombo, tuanze na neno moja ili anayepita haraka aondoke nalo: mkebe wa chakula ambao haujafunguliwa usiwekwe motoni. Si juu ya mbabula, si kati ya mafiga matatu, si pembeni ya makala, hata dakika moja.

Sababu ni rahisi. Ndani ya mkebe mna maji au mchuzi. Maji yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji mara 1,700 hivi. Mkebe hauna pa kuutolea. Unavimba, unapasuka, na maharagi ya moto pamoja na vipande vya chuma vinaruka usoni mwa anayepika. Mara nyingi anayechuchumaa karibu na mbabula ni mtoto.

Kuna wanaosema wanatoboa tundu kwa msumari na inatosha. Haitoshi. Punje moja ya haragi au mafuta mazito yanaziba tundu hilo, na mkebe unakuwa kama haujatobolewa.

Mpaka hapa kila mtu anakubali. Lakini ninataka kusema na wale wanaogawa chakula, maana onyo hili linatupwa kwa mama kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Mama aliyepewa mikebe bila sufuria, bila kisu, bila kifungulio, mnataka apike wapi?

Mji wetu unajua habari hizi. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia zililala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na vitu vingi vilibaki nyuma. Karibu zaidi, mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa makwao kwa nguvu hapa Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Mtu akiondolewa kwa haraka anabeba watoto, karatasi na godoro. Sufuria ni nzito, inabaki.

Na kanuni ipo. Kitabu cha Sphere cha mwaka wa 2018, ambacho mashirika ya msaada yenyewe yanakifuata, kinasema familia ya watu wanne au watano ipewe sufuria mbili zenye mishikio na vifuniko, beseni moja, kisu kimoja cha jikoni na vijiko viwili vya kupakulia. Si anasa. Ni kipimo cha chini. Kwa hiyo yeyote anayeleta mikebe Manika au Dilala, awe serikali ya jimbo, kanisa, shirika au kampuni ya mgodi, alete na sufuria. Kama gari halina nafasi ya vyote viwili, apunguze mikebe. Kampuni zinazoandikiana makubaliano na wakaaji zitie vyombo vya jikoni katika orodha yao, pamoja na shule na visima.

Wakati tunangoja hayo, tufanye hivi.

Kwanza, jueni kwamba chakula cha mkebe kimekwisha kupikwa kiwandani. Sardini, maharagi, nyama ya mkebe: unaweza kula hivyo hivyo pamoja na bukari, bila kuchoma makala. Moto ni kwa ajili ya ladha tu.

Pili, ukitaka kupasha, fungua mkebe, mimina kwenye sufuria. Huna? Azima kwa jirani. Wenyeji, tusione uzito kuazima. Sufuria inarudi, jicho la mtoto halirudi.

Tatu, kama hakuna njia nyingine kabisa, ondoa karatasi, fungua kifuniko chote, weka mkebe pembeni ya makala yaliyotulia, si kwenye ndimi za moto. Koroga, na uushike kwa koleo au kitambaa kizito na kikavu. Ila isiwe desturi. Mikebe mingi imepakwa utando ndani, na utando huo haukutengenezwa kwa moto wa makala. Ukiungua unaingia chakulani. Mingine ina kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2024 kuiondoa katika vyombo vya chakula. Kwa sababu hiyo hiyo mkebe mtupu usigeuzwe sufuria ya kila siku. Na kopo lililokuwa na rangi, mafuta ya gari au dawa za mgodini lisiguse chakula kamwe, hata likisuguliwa kwa mchanga.

Nne, mkebe uliovimba, unaovuja au unaorusha povu ukifunguliwa, utupeni, na mbwa asipewe. Unaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo mara nyingi haina harufu wala ladha. Msijaribu kuuokoa kwa kuchemsha. Mtu aliyekula akianza kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza au kulegea viungo, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tano, mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kidonda kikiwa kikubwa, au kiko usoni au mikononi, mpelekeni kwenye kituo cha afya.

Najua wengine watasema kuna mambo makubwa zaidi: ardhi, fidia, kazi. Ni kweli. Lakini fidia inaweza kuchukua miaka, na watoto wanakula leo jioni. Jimbo ambalo shaba yake inatengeneza nyaya za dunia nzima haliwezi kukosa sufuria mbili kwa kila familia iliyolala nje. Wanaogawa chakula wiki hii, tutawauliza swali moja tu: sufuria ziko wapi?