Sare ya Usiku Mmoja

Mabibi harusi wetu! Sisi mafundi tunakula kwa sare zenu, lakini tuseme kweli: nguo ya kuvaliwa usiku mmoja kisha ikafungiwa kabatini ni israfu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, hakifiki hata lita. Sisi tunaacha mfereji wazi.

Tuanze na madogo. Tutawadhe kwa kopo, twende sokoni na kikapu cha ukili, tuchague sare itakayovalika tena Idi na kazini. Vipande vinavyobaki kwa fundi tuvidai; vinatosha foronya na mikoba ya watoto.

Huenda tukashona nguo chache. Tumelikubali hilo, mgawa riziki ni Mwenyezi Mungu.