MTOTO WA MJINI ASIYE NA KIBANJA

Mwezi huu twapenda kunena habari ya watoto wadogo wa miji yetu, maana twaona jambo lao laelekea kusahauliwa. Mgeni afikaye Karagwe na Kyerwa huona migomba na mibuni kila upande, akadhani kwamba huku hakuna mwenye njaa. Kwa mwenye kibanja, dhana hiyo ni kweli. Lakini Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro wamo wazazi waliopanga chumba kimoja: mchukuzi wa mizigo, mchuuzi wa ndizi, mama afuaye nguo za watu. Hao hawana mgomba wala mbuni, na kila tonge la mtoto wao lanunuliwa kwa fedha.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada iliondolewa kutoka darasa la awali hata kidato cha nne. Kwa mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 katika nchi nzima. Twashukuru kwa hayo yote, wala hatuandiki ili kulaumu. Illa ukuta haumlishi mtoto. Basi na tutazame hesabu.

Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, kila mtoto wa shule ya msingi aliwekewa shilingi 10,000 kwa mwaka, nazo zilikaribia dola 10 za Marekani. Mwaka 2016 kiasi kilikuwa kile kile, ingawa thamani yake ilikwisha shuka chini ya dola 5. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 ilipata 300,000 kwa chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Ni nani atakayetoa humo uji wa darasa la awali?

Hesabu hiyo hugawiwa kwa vichwa, na mtu aweza kusema kwamba hakuna haki ipitayo hiyo. Sisi twasema kwamba usawa si haki siku zote. Chakula cha shuleni kimeachwa mikononi mwa wazazi. Mwenye kibanja hupima mahindi na maharage yake baada ya mavuno, akatimiza wajibu wake. Wa mjini hutoa fedha taslimu, nayo ni fedha ile ile ya kodi ya chumba. Asipotoa, mtoto wake hukaa akiwatazama wenzake wakinywa. Mtoto wa miaka mitano hajui habari ya michango. Ajua tu kwamba yeye hakupewa. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 wakataza kumfukuza mtoto kwa ajili ya mchango, lakini aibu humfukuza bila barua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hapa yatupasa kujisema wenyewe. Wengi wetu tumewapeleka watoto wetu katika shule za kulipia, na gari huwachukua mlangoni asubuhi. Si kosa mzazi kumtakia mwanawe mema. Lakini tangu siku hiyo hatukukanyaga tena mkutano wa shule ya Serikali iliyo jirani, na kiti chetu katika kamati ya shule kimebaki kitupu. Wajuao kusoma makisio wameondoka; waliobaki hawajui waulize nini.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ahudhurie mkutano wa shule ya mtaa wake, hata kama hana mtoto humo, awasomee wazazi hesabu kwa lugha nyepesi. Pili, makarani wa Halmashauri zote mbili wapeleke orodha ya darasa la awali iliyo kamili, wakionyesha idadi ya watoto wasiopata chakula, ili madiwani wasipate kusema kwamba hawakujua. Tatu, kila tawi litenge fungu dogo kwa uji wa watoto hao, nalo litolewe kimya, mtoto asijulikane kuwa ni wa kusaidiwa.

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, waliobahatika kusoma walikuwa wachache mno. Leo tu wengi. Yatakuwa aibu kwetu kama kalamu tuliyopewa kwa fedha za watu wote itajua kuhesabu watoto tu, isijue kuwasemea.